Bibie wa Bukaresti

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa doti tatu za khanga na saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie niliyoyapitia katika ukalimani. Saa imeshasimama, lakini ahadi ni ahadi. Vyeo na mishahara sitavitaja, vilikuwa vichache na havina hadithi. Nitasema nilivyojifunza Kiromania, nilivyokitumia, na nilivyomharibia mtu mmoja kwa Kiromania hicho hicho. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha raha, na nawaambia mapema msije mkadhani nawaandikia sifa zangu.

Mimi ni mtoto wa Mkange. Nyumbani tulisema Kikwere, na Kiswahili chetu kilikuwa na Kikwere ndani yake kama mchele wenye chuya. Nilipoletwa Bagamoyo mjini kukaa kwa mjomba ili nisome, nikifungua mdomo tu wenzangu wa mji mkongwe hoi kwa kicheko. Mke wa mjomba alikuwa mwema, lakini kwa lugha hakuwa na msamaha. Nikitoa neno la shamba ananinyamazisha, ananisemesha tena na tena mpaka litoke kama la Unguja. Baada ya miaka miwili nilikuwa nasema kimji kuliko wenye mji wao. Mama yangu akaja kunitazama siku moja, nami mbele ya wenzangu nikamjibu kwa Kiswahili cha mjini, kila alilonisemesha kwa Kikwere. Alifungua kapu akatoa mihogo, akauliza kama nalala vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona nimeendelea.

Nafasi za masomo ya nje zilipotoka niliomba Uingereza, nikapewa Romania. Sikujua hata iko upande gani wa ramani. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu, huko Bukaresti, na mwalimu wetu alikuwa Doamna Viorica. Doamna kwao ni kama sisi tunavyosema Bi. Alikuwa mwembamba, mkali, na alikuwa na penseli ndefu ya kugongea meza. Ukikosea, anagonga. Ukirudia kosa, anagonga na kufumba macho, na hapo ndipo ulipotamani ardhi ipasuke.

Siku ya kwanza kwenye bwalo la chakula niliwekewa sahani ya ugali. Wallahi, ugali, ila wa mahindi ya njano, wao huuita mămăligă. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikila mikate na kulia chooni, na ule ugali ukanirudishia roho. Nikataka kujua mahindi yenyewe yanaitwaje. Mwenzangu wa chumbani, msichana kutoka mkoa wa Moldova, akasema păpușoi. Mpishi, mtu wa Ardeal ng'ambo ya milima, akasema cucuruz. Nikaenda kumuuliza Doamna Viorica lipi ni sahihi. Aligonga meza mara moja, akasema ni porumb, hayo mengine ni ya vijijini, niyasikie lakini nisiyaseme.

Hapo niwaeleze kidogo, maana vijana wengi mnadhani Kiromania ni kimoja. Moldova ninayoitaja ni mkoa wa kaskazini mashariki mwa Romania, ingawa ng'ambo ya mto kuna nchi nzima yenye jina hilo na usemi unaokaribiana. Watu wa huko husema kwa ulaini, wakameza mwisho wa maneno. Wa Ardeal husema polepole kana kwamba hawana pa kwenda. Wa Oltenia, kusini magharibi, hukimbia. Wote wanaelewana, na wote wanachekana. Mimi niliyajua haya yote kwa masikio, lakini mdomo wangu niliuweka Bukaresti. Ilifika mahali nikipiga simu mtu asiyeniona anadhani nimezaliwa pale. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu kuu, kuliko hata shahada.

Niliporudi nyumbani niliwekwa kutafsiri vitabu vya matrekta yaliyotoka huko. Kamusi ya Kiromania na Kiswahili sikupata kuiona maisha yangu yote ya kazi. Neno nililipitisha kwenye Kifaransa, kisha Kiingereza, ndipo lije Kiswahili, na likifika limechoka. Nikawa naandika kila neno kwenye kikadi, vikadi natia kwenye kopo la biskuti. Fundi mkuu wa karakana, Mzee Kibwana, ndiye aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza. Niliandika sehemu moja "kitenganisha mwendo," nikajipongeza. Alisoma, akavua miwani, akauliza hicho ni kidude gani. Nilipomwonyesha mchoro akasema, mwanangu, hiyo klachi.

Mzee Kibwana alinifundisha jambo ambalo chuo hakikunifundisha: kabla hujaandika, mwulize anayekishika kitu kila siku anakiitaje. Nililishika vizuri sana kwenye vyuma. Kwenye watu nililishika pale nilipotaka.

Matrekta yalipoisha nikahamia kwenye vyeti vya ndoa, mahakama, watalii wa magofu ya Kaole na wa Saadani. Kesi ninayojivunia ni ya Chalinze. Lori la kampuni ya ujenzi wa barabara liliacha njia upande wa Ubena, likamvunja mguu kibarua. Msimamizi wa kazi alikuwa Mromania aitwaye Nelu, mtu wa Oltenia. Polisi walitaka kujua jambo moja tu, kama alimwonya dereva juu ya breki asubuhi ile kabla ya safari. Mkalimani aliyenitangulia alikuwa ameandika "alimwonya," basi, bila kusema lini. Sasa watu wa Oltenia wana namna yao ya kusema jambo lililotokea leo leo, ambayo Bukaresti imebaki vitabuni. Nilipomsikia Nelu nikajua anazungumzia asubuhi ile ile. Nikamuuliza upya, akathibitisha, na dereva alipobanwa naye akakubali kwamba alionywa akapuuza. Nelu akaachiwa.

Nilirudi Bagamoyo nikijiona. Na ndilo linaloniuma leo, kwamba nilijua. Nilijua vizuri kabisa kuwa mtu wa kijijini akisema kivyake hajakosea, na kwamba namna yake ya kusema inaweza kumwokoa. Nilijua hivyo kwa ajili ya mteja. Mwaka ule ule aliletwa mtoto barazani kwangu, na mtoto hakuwa mteja.

Alimleta baba yake, Hatibu. Tulisoma Romania wakati mmoja, yeye kilimo, ila mimi niliporudi yeye alibaki akaoa huko. Mkewe, Ileana, alitoka kijiji cha karibu na Botoșani, huko huko Moldova. Walipata binti mmoja, Mariamu, kwa wazungu Maria, na bibi yake mzaa mama akimwita Măriuca. Ileana aliugua akafariki mtoto akiwa na miaka mitano. Mwaka mzima akalelewa na bibi yake huyo, Bibi Anica. Hatibu alipoamua kurudi nyumbani na mtoto, bibi alimsihi amwachie. Hatibu hakubishana naye. Alisubiri Jumapili, bibi akiwa kanisani, akamchukua mtoto akaondoka.

Alinieleza hayo akitazama sakafu. Baada ya miezi kadhaa ikaja barua, imeandikwa na jirani kwa sababu bibi mwenyewe hakuandika vizuri na macho yalikuwa yameanza kupata mtoto wa jicho. Mistari minne. Kwamba hataki kumsikia Hatibu tena maisha yake, na kwamba mtoto atasahau lugha ya nyumba yake kabla mwaka haujaisha, na hapo ndipo atakapokuwa amempoteza kweli.

"Dada Zuhura," Hatibu akaniambia, "nisaidie. Siku mtoto na bibi yake wakija kuzungumza, nataka yule mama asikie kwa masikio yake kwamba sikumnyang'anya kila kitu."

Nikakubali, mchana kweupe, na akili zangu timamu. Mariamu alikuwa na miaka sita, mwenye nywele za kufungwa kwa shida. Akaniamkia kwa shikamoo yao ile ya kusema nabusu mkono, sărut mâna, ila yeye alimeza nusu yake kama wanavyomeza kwao. Nikamwonyesha tikiti maji, akasema harbuz. Nikamuuliza kule kwa bibi baridi ikija huanguka nini, nikitaka aseme theluji, akasema omăt. Neno lake la bibi lilikuwa mămucă. Nilikuwa namsikia yule mwenzangu wa chumbani akiwa mdogo, Moldova nzima imekaa kwenye mkeka wangu. Nami nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nikaandika "makosa," kulia "sahihi."

Alasiri tatu kwa wiki, kwa miaka minane. Harbuz ikaenda kushoto, neno la Bukaresti kulia. Omăt kushoto. Mămucă kushoto, kulia bunică, kama wanavyosema kwenye redio. Mtoto alikuwa mwepesi wa kushika. Kuna siku tu aliyogoma. Nilimsahihisha neno mara ya tatu, akakunja uso akasema lakini bibi anasema hivyo. Nikamjibu kwamba bibi yake ni mtu wa shamba, hakusoma. Akachezea ukindu wa mkeka.

"Shangazi," akauliza, "kwa hiyo bibi amekosea vyote?"

Nikasema si vyote. Kisha nikaendelea na somo.

Alipofika miaka kumi, safu ya kushoto haikuwa na la kuandikwa. Hatibu aliniletea jogoo wa shukrani. Nilimchinjisha, nikampika kwa nazi, nikala kwa moyo mweupe. Leo nikikumbuka yule jogoo naona aibu kuliko mambo mengine makubwa niliyowahi kukosea.

Namba ya simu ilipatikana kwa njia ya mtalii. Nilikuwa natembeza kundi la Waromania Kaole, na mmoja, mwalimu wa shule, alikuwa wa Botoșani. Nikamtajia kijiji, akasema anakijua, atapita. Alipita kweli, Mungu amlipe. Miezi miwili baadaye akanitumia namba ya jirani yake Bibi Anica, mwanamke aitwaye Lenuța, ambaye ndiye aliyekuwa akimwandikia barua. Tukapanga siku. Bibi macho yalikuwa yamekwisha sasa, picha isingemfaa. Angemjua mjukuu wake kwa sauti tu.

Mariamu alikuwa na miaka kumi na minne. Alivaa gauni lake la Idi kwa ajili ya simu. Hatibu alikaa mbali, kwenye kizingiti, asije akasikika. Baada ya sala ya alasiri nikapiga, Lenuța akapokea, akampa bibi, nami nikaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

Mariamu aliamkia kikamilifu, kila herufi mahali pake. Akajitaja jina, akasema amemkumbuka, kwamba hajasahau lugha, kwamba ana furaha kubwa. Ilikuwa kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Doamna Viorica angelia kwa raha. Yule bibi akajibu kwa ile adabu ambayo kwao huwekewa wageni na watu wa serikali, akauliza, je, mheshimiwa anatoka ofisi gani.

Mariamu akacheka kidogo kwa wasiwasi, akasema ni mimi, Maria. Akamtajia mbwa, akamtajia kisima chenye kifuniko kilichovunjika, akamtajia mkoba mwekundu wa mama yake. Bibi akasikiliza yote. Akasema hayo amesimuliwa na baba wa mtoto.

"Mtoto wangu hasemi hivyo, bibie," akasema, polepole, bila ukali. "Mtoto wangu anasema kama mimi."

Nikaona mtoto ananiangalia. Nikanyakua simu. Nikajitambulisha, nikasema mimi ni mkalimani, namthibitishia kwa heshima zote kwamba anayezungumza naye ni mjukuu wake. Nikayasema kwa Kiromania changu kile bora, cha kumpoteza mtu asijue nimetoka Afrika.

"Mko wangapi hapo?" akauliza.

Akasema kama mtoto yu hai basi tumpe simu, na kama hayupo tusimchezee mtu mzima. Kisha simu ikarudi kwa Lenuța, naye akasema samahani, mama amechoka.

Hatibu aliinuka kizingitini akatoka nje. Mariamu hakulia. Aliniuliza tu asemeje. Nikakimbilia ndani kulileta daftari la zamani, nikafungua kurasa za kwanza, nikamwambia soma upande wa kushoto. Akayasoma yale maneno yake mwenyewe ya miaka sita kama mtu anayesoma majina ya dawa. Yalikuwa yamemtoka kabisa. Nikamfundisha upya, wiki mbili, mimi niliyeyang'oa moja moja. Tukapiga tena. Bibi alisikiliza sentensi mbili, akasema ni dhambi kumwigiza kipofu. Hilo la pili lilikuwa wazo langu, na lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Wenzangu, mtasema ningejuaje. Ningejua. Nilitolewa Kikwere mdomoni mwangu na nikajua inavyouma, na badala ya kumkinga mtoto wa watu nikamfanyia vile vile, tena nikaita msaada. Hakuna aliyenituma kumsahihisha. Baba yake aliniomba nimtunzie lugha ya bibi yake. Mimi nikamtunzia ya Doamna Viorica.

Mariamu hakuacha kupiga. Kila Pasaka yao na kila Krismasi alimpigia Bibi Anica, akamuuliza afya, miguu, kuku. Alikoma kujitetea. Bibi akamzoea, akawa anamwita bibie wa Bukaresti, akimtakia heri na watoto wazuri. Safari ya kwenda ilipangwa mara mbili, na mara zote mbili viza haikupatikana. Mariamu akasoma uuguzi, akaajiriwa, akawa na wagonjwa wake wa kuwahangaikia. Na mimi akaendelea kuniita shangazi, akaniletea futari kila Ramadhani, asinitajie jambo hilo hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Mwaka jana Bibi Anica alifariki. Wiki chache kabla, Lenuța alikuwa amemrekodi kwenye simu, akautuma ujumbe baada ya mazishi. Mariamu akaniletea, wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Hakuweza kuufuata wote mwenyewe, usemi ule ulikuwa mzito kwake, na sauti ilikuwa ya mgonjwa. Nikakaa kama ninavyokaa kazini, mgongo wima, kalamu mkononi, nikamwambia aufungue.

"Usitafsiri, shangazi," akasema. "Nataka kumsikia tu."

Nikaweka kalamu chini. Ulikuwa ujumbe wa dakika tatu hivi. Lenuța anamuuliza kama ana salamu za watu wa Afrika. Bibi Anica anasema ndiyo, ana salamu kwa yule bibie wa Bukaresti, mtu mwema, hajawahi kukosa sikukuu, Mungu amzidishie. Lakini mwambieni, anasema, kwamba simhitaji yeye. Namhitaji Măriuca. Miaka yote hii nampokea huyu bibie kwa heshima nikidhani siku moja atanionea huruma aniitie mtoto. Mwambieni Măriuca mlango sikuufunga. Mwambieni Măriuca kama amesahau kusema, na anyamaze tu kwenye simu, nitamjua Măriuca wangu hata kwa kuvuta pumzi.

Ujumbe ukaisha. Mariamu alikuwa ameinamia simu, ameishika kwa mikono miwili.

"Nimesikia jina," akasema. "Amenitaja?"

"Amekutaja. Mara nne."

Akatikisa kichwa, akasema basi, inatosha. Akafunga simu, akaniuliza kama nimekula.

Nimewafundisheni miaka yote kwamba mkalimani hakati maneno ya mtu. Hata matusi anayatoa kama yalivyo. Siku ile nilikata. Nilijiambia ni huruma, lakini nilikuwa pia naogopa, kwa sababu kila neno la yule bibi lilikuwa linanihukumu mimi. Mariamu hakuuliza zaidi, na mimi sikusema, nikastaafu na maneno ya marehemu mdomoni mwangu.

Sasa nimeyaandika yote, hayo hapo juu, sikuongeza wala sikusafisha. Nimempelekea Mariamu kwanza, kabla yenu, nikamwambia ni yake, akitaka ayachane, akitaka awape ninyi. Kama mmeyasoma mpaka hapa, basi ni yeye aliyewaletea.